Methadoni au soba? Ubishi ulioshikwa mahali pasipo pake

Familia ikigundua kuwa kijana wao anavuta au anajidunga unga, yaani heroini, haichukui muda kufika kwenye swali hili: apelekwe soba, yaani nyumba ya upataji nafuu, au aandikishwe kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya unga? Mtaani majibu yamegawanyika. Wa soba husema methadoni ni kumhamisha teja kutoka kijiweni hadi dirishani kwa mfamasia, na kete yake, yaani kipimo chake cha unga, sasa inalipiwa na wafadhili. Wa kliniki hujibu kwamba soba ni kumfungia mtu miezi minne, kisha kumrudisha kwenye maskani ile ile na washikaji wale wale. Kila upande una ukweli wake, ila haupo pale wanapobishania.

Hoja ya "kuacha ulevi kwa ulevi" ndiyo inayopendwa zaidi, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Methadoni na heroini ni jamii moja, hilo halina haja ya kufichwa. Tofauti iko kwenye saa. Heroini ikivutwa au kudungwa hufika ubongoni mara moja, stimu hupanda na kushuka, na baada ya saa 6 hadi 12 arosto, yaani mateso ya kukosa unga, imeshaanza: kamasi, miayo, vipele vya baridi, tumbo kuharisha, mifupa kuuma. Ndiyo maana mtu hutafuta kete tatu au nne kwa siku, na pesa ya kete hizo huiba nyumbani kabla hajaiba kwa jirani. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu, hufika kilele baada ya saa 2 hadi 4, na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Aliyefikia dozi yake sawasawa hasikii arosto wala stimu, na akivuta juu yake mara nyingi huona ametupa pesa. Huyo anaweza kushinda kazini. Teja wa kete hawezi.

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kutoa methadoni Februari 2011, Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kenya ilianza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Zanzibar ikafungua kliniki yake Kidongo Chekundu mwaka 2015. Uzoefu upo wa kutosha kujua inapokwama.

Hukwama kwanza kwenye dozi. Siku ya kwanza mteja hupimwa mkojo, huangaliwa kama ana dalili za arosto, kisha huanzishiwa miligramu 15 hadi 30, si zaidi. Baada ya hapo huongezwa 5 au 10 kila baada ya siku kadhaa. Wengi hutulia wakifika kati ya 60 na 120. Mwendo huu wa konokono una sababu: dawa ya jana haijatoka mwilini wakati ya leo inaingia, kwa hiyo dozi ile ile huwa na nguvu zaidi siku ya tano kuliko siku ya kwanza. Mteja asiyeelezwa hivyo hulala na arosto siku ya pili, huona kikombe hakimtoshi, na jioni huongezea kete, au vidonge vya Valium na pombe. Usiku pumzi hukata. Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari, na familia inapaswa kuambiwa hivyo waziwazi. Kuna na kosa la upande wa pili: mtoa huduma mwenye huruma ya uongo anayemwacha mteja kwenye miligramu 40 mwaka mzima "asizidi kulevywa". Huyo ataendelea kununua unga, na watu watasema dawa haifanyi kazi.

Kifua kikuu nacho huvuruga mambo. Rifampisini, mojawapo ya dawa zake, hulifanya ini liivunje methadoni haraka zaidi, na ndani ya wiki moja au mbili mteja aliyekuwa ametulia huanza kutoa kamasi na miayo. Nyumbani wanasema amerudia unga, kumbe anahitaji dozi ipandishwe. Matibabu ya kifua yakiisha, dozi ishushwe tena pole pole, la sivyo ile iliyokuwa inamfaa itamzidi. Efavirenzi na nevirapini, dawa za zamani za VVU, hufanya vivyo hivyo. Dolutegraviri, inayotumiwa na wengi siku hizi, haina shida hiyo.

Lakini hoja nzito kuliko zote dhidi ya methadoni ni nauli. Dawa ni bure ila kwa kawaida hunywewa mbele ya mhudumu, kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo, na mteja hutakiwa kunywa maji na kusema neno ili ijulikane amemeza, maana wapo wanaoiweka kinywani wakaiuze nje. Anayekaa mbali hupanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Fundi aliyepata kazi mkoani huchagua kati ya kazi na kikombe. Akikosa siku moja au mbili hurudi kwenye dozi yake. Akikosa tatu au nne kwa kawaida hupunguziwa, pengine hadi nusu. Akikosa tano huanza karibu upya. Tena fedha nyingi za kliniki hizi zimekuwa zikitoka nje, na Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025 kila mtu aliona ubaya wa kutegemea mfuko wa mwingine. Anayekatishiwa methadoni ghafla hupata arosto inayochelewa kuanza, lakini ndefu kuliko ya unga, wiki mbili hata tatu.

Soba ina kitu ambacho dirisha la dawa halina: watu. Kuamka kwa saa, kupika kwa zamu, vikao vya hatua kumi na mbili ambapo waraibu husaidiana kuacha, msimamizi aliyewahi kulala jalalani ambaye huwezi kumdanganya. Kwa mtu wa bangi, mirungi au pombe, methadoni haina kazi yoyote, na soba nzuri inaweza kumfaa sana. Hapo napo pana mtego. Arosto ya unga inatesa, lakini mtu mzima mwenye afya akipewa maji na chumvichumvi mara chache humuua. Ya pombe huua. Mlevi wa miaka mingi akifungiwa bila daktari, bila diazepamu na vitamini B1, anaweza kupata degedege na kuweweseka ndani ya siku tatu za mwanzo. Nyumba zinazotumia kamba na viboko badala ya dawa hapo haziponyi mtu.

Kwa mtu wa unga, hatari ya soba haiko ndani ya geti, iko nje. Baada ya miezi minne mwili umesahau mzigo uliokuwa ukiubeba. Akianguka tena, mkono wake unakumbuka kipimo cha zamani, na kipimo hicho sasa kinatosha kumzimisha. Wengi wanaofariki hivyo ni wale ambao familia ilikuwa imeshashukuru kuwa wamepona. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, huirudisha pumzi kwa dakika 30 hadi 90, basi, kwa hiyo aliyezidiwa akiamka asiachwe peke yake, hasa kama alikunywa methadoni. Soba inayomtoa mtu bila kumweleza haya, yeye na wa nyumbani kwake, imefanya nusu ya kazi.

Kwa mwanamke mambo ni mazito zaidi. Wengi kwenye unga hukosa hedhi hata mwaka; wakitulia kwenye methadoni hurudi kuona siku zao, na mimba huingia bila kutarajiwa. Akipata mimba asikatishwe dawa. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, nayo hutibika wodini. Mama kurudi kwenye kete ni hatari kubwa zaidi kwa wote wawili.

Kinachobaki kushangaza ni kwamba soba nyingi humkataa anayekunywa methadoni kwa madai kuwa "hayuko safi". Hakuna sababu ya kitabibu ya kumzuia mtu kunywa kikombe chake kliniki asubuhi kisha kurudi kwenye kikao cha saa nne.