Manchester by the Sea ni Filamu ya Baada ya Tanga

Diski yangu ya Manchester by the Sea iliingia Tanga ndani ya begi la binamu yangu, ikiwa imefungwa katikati ya mataulo mawili, na kwa muda wa miezi minane ilikaa kwenye droo ya kabati la televisheni bila hata kuchanwa nailoni yake. Ilinunuliwa Marekani, kwa hiyo ni ya kanda ya 1, ambayo kwa mgawanyo wa watengenezaji haikupaswa kucheza huku kwetu tuliopangiwa kanda ya 5, lakini deki yetu ni ya bei rahisi na haina habari na kanda za mtu. Nilipoitoa hatimaye, kaka yangu alikuwa na siku 43 kaburini. Arobaini yake ilikuwa imekwisha kusomwa, masufuria ya kuazima yalikuwa yamerudishwa kwa wenyewe, na turubai lililofungwa mbele ya nyumba lilikuwa limeacha matundu manne ya nguzo ambamo watoto wa mtaa walikuwa wakichezea gololi. Nayataja haya si kwa kutafuta pole, bali kwa sababu maoni yangu kuhusu filamu hii yamefungamana na wakati na mahali nilipoiona. Ninachotaka kukitetea ni kwamba filamu ya namna hii imepata makao yake ya haki katika diski, sebuleni, kuliko ilivyoyapata katika majumba ya sinema.

Filamu yenyewe iliandikwa na kuongozwa na Kenneth Lonergan, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwezi Januari 2016, ikanunuliwa na Amazon kwa takriban dola milioni 10, kisha ikaingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 18 Novemba mwaka huohuo. Lee Chandler, anayeigizwa na Casey Affleck, ni mtunza majengo wa Quincy, karibu na Boston. Anazibua vyoo, anazoa theluji, na usiku anarudi katika chumba chake kimoja. Kaka yake Joe, aliyekuwa na maradhi ya moyo ya muda mrefu, anafariki, na wasia unamtaja Lee kuwa mlezi wa Patrick, mtoto wa marehemu mwenye umri wa miaka 16. Kulea huko kunamtaka arudi kuishi katika mji wao wa pwani, ambako miaka ya nyuma nyumba yake iliungua usiku kwa sababu alitoka kwenda dukani akiwa amelewa na kusahau kuweka kinga ya waya mbele ya meko, na watoto wake watatu wakafa. Nimelisema hili waziwazi nikijua wapo watakaonuna, lakini filamu hailitegemei kama fumbo. Inalitoa kabla ya kufika nusu, Lee akiwa amekaa katika ofisi ya mwanasheria anasomewa wasia, na mengi yanayofuata ni ya mtu ambaye jambo lake limekwisha kujulikana na kila mtu mjini.

Sisi watu wa pwani tuna elimu kubwa ya siku tatu za mwanzo za msiba. Kila mtu anajua kazi yake: wa kuosha anajulikana, wa kuchimba wanajulikana, yupo wa kukaa na daftari la rambirambi na yupo, katika kila ukoo, wa kugombana na mpishi. Kisha tanga linavunjwa, watu wanakung'uta mikeka na kurudi makwao, na kuanzia hapo mfiwa anaachwa na nyumba. Elimu yetu inaishia hapo, au tuseme inabaki mkononi mwa wachache wenye busara ya kupita jioni na kuulizia chumvi wasiyoihitaji. Jumba la sinema nalifananisha na matanga yenyewe: watu wamekusanyika kwa ajili ya jambo moja, ukilia kuna mwenzako safu ya nyuma anayelia, na mnatoka pamoja mkiwa wepesi kidogo kuliko mlivyoingia. Faida hiyo siikatai. Lakini Lonergan hakuandika habari za matanga. Mazishi ya Joe yenyewe anayapitisha haraka, na nguvu zake zote anazitia katika yale yanayobaki nyumbani baada ya wageni kuondoka, yaani nani atamwendesha mtoto shuleni, mashua yenye injini mbovu itafanywa nini, na gari tuliliegesha mtaa gani.

Chukua tukio la friza. Ardhi imeganda kwa baridi na kaburi haliwezi kuchimbwa, kwa hiyo mwili wa Joe utakaa katika chumba cha baridi hadi majira ya kuchipua. Kwa msomaji wa huku, ambaye amezoea maiti ya asubuhi kuzikwa kabla ya magharibi, hilo peke yake ni zito kulimeza, na Patrick mwenyewe analichukia tangu alipoambiwa. Anajikaza, anazungumza na marafiki zake, anahangaikia wasichana wake wawili. Halafu usiku mmoja anafungua friza, pakiti za kuku zilizoganda zinamwangukia, anajaribu kuzirudisha na mlango unakataa kufunga, anaupigapiga, na mara anaanza kulia na kukosa pumzi. Anachotamka ni kwamba hapendi baba yake akae ndani ya friza, basi. Lee anauvunja kwa teke mlango wa chumba alichokimbilia Patrick, kisha, kwa kuwa hana neno lolote la maana la kumwambia, anakaa tu karibu naye. Nimeirudisha nyuma sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kwetu ilikuwa ni chupa ya dawa ya kikohozi ya kaka iliyobaki kwenye mlango wa friji, nusu imekwisha, ambayo kwa wiki kadhaa kila mmoja wetu aliisogeza ili apate kuweka maziwa na hakuna aliyeitupa. Tukio kama hilo linapooneshwa kwenye televisheni iliyoko hatua kumi kutoka kwenye friji yako mwenyewe, linafanya kazi ambayo kioo chenye urefu wa ghorofa mbili hakiwezi kuifanya.

Lipo pia suala la kusimamisha. Mwongozaji yeyote angependa kazi yake itazamwe bila kukatizwa, na kwa filamu nyingi nakubaliana naye. Hii niliimaliza kwa siku nne. Siku ya kwanza niliishia kwenye moto, ambapo Lonergan ameweka ile Adagio maarufu, muziki wa ala wa taratibu unaohusishwa na mtunzi wa kale Albinoni, ingawa aliyeitunga hasa ni Remo Giazotto katika karne ya 20, na ameiacha iende karibu yote. Wapo wahakiki waliolalamika kwamba muziki ule umezidi, na kwa sauti ya jumba la sinema huenda wana haki. Nyumbani niliupunguza hadi ukabaki kama redio ya jirani, na hapo nikaona kitu ambacho nadhani kingenipita: wahudumu wa gari la wagonjwa wanampakia Randi, mke wa Lee, na miguu ya machela inakataa kukunjika. Wanaisukuma, inagoma, wanaivuta, wanaisukuma tena, na mama aliyetoka kupoteza watoto watatu amelala juu yake akisubiri chuma kikunjike. Watengenezaji wengi wangelikata hilo. Yeyote aliyewahi kupakia jeneza kwenye gari ambalo mlango wake wa nyuma haufungi vizuri anajua kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa.

Siku ya tatu niliishia pale Lee na Randi wanapokutana barabarani. Yeye, kwa uigizaji wa Michelle Williams, anasukuma kigari chenye mtoto mchanga wa ndoa yake mpya, na anataka kuomba radhi kwa maneno aliyomtupia Lee baada ya msiba. Hawamalizi sentensi. Wanakatizana, wanaanza upya, na Lee anajitahidi kumweleza kwamba ndani yake hakuna kitu kilichobaki cha kusamehe wala kusamehewa. Nilibonyeza kitufe, nikaenda kuinjika chai, nikakaa jikoni mpaka maji yakakauka nusu. Hakuna aliyenigeukia kunitazama, na sikuhitaji kupita mbele ya magoti ya watu kumi na wawili gizani. Kama kuna haki moja ambayo mfiwa anastahili kupewa, basi ni ya kuamua mwenyewe ni kiasi gani cha huzuni ataweza kukibeba leo na kipi kitasubiri kesho.

Watu wa sinema huizungumzia diski kama makombo ya karamu, kitu kinachofuata baada ya mambo yenyewe kwisha. Kwa Lonergan historia inakataa. Filamu yake iliyotangulia, Margaret, inayomhusu msichana wa New York anayeshuhudia mwanamke akigongwa na basi na kushindwa kujitoa katika hatia yake, ilipigwa picha mwaka 2005, ikakwama miaka katika mabishano ya uhariri yaliyofika hadi mahakamani, na ilipotoka mwaka 2011 ilikuwa na dakika 150 na ikaoneshwa katika majumba machache mno. Toleo refu la dakika 186 liliwafikia watazamaji kwa diski mwaka 2012. Kwa hiyo mtu aliyeiona Margaret sebuleni kwake aliiona kubwa kuliko aliyelipa kiingilio. Manchester by the Sea haikupata mkasa huo, lakini ratiba yake nayo ina somo. Diski ilitoka Marekani tarehe 21 Februari 2017, siku tano kabla ya tuzo za Oscar ambapo Affleck alishinda kama mwigizaji bora na Lonergan akapata ya mswada asilia. Ilikuwa pia ni filamu ya kwanza ya kampuni ya utiririshaji, yaani inayoonesha filamu kwa intaneti, kuteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora, jambo lililopigiwa kelele nyingi wakati ule.

Kuhusu nyongeza zilizomo ndani ya diski sina mengi. Ipo filamu fupi ya jinsi ilivyotengenezwa, ambayo ni ya kawaida, na vipo vipande vilivyoachwa nje, ambavyo ningeshauri visitazamwe siku hiyohiyo, kwa sababu baada ya dakika 137 za kimya kilichopimwa hivyo, kuongezewa tena ni kama mgeni aliyeaga mlangoni kisha akakumbuka habari nyingine. Maelezo ya sauti ya Lonergan mwenyewe nayapenda, na ninayasikiliza nikiwa napiga pasi. Zaidi ya hayo, diski ina ubora mmoja wa kijinga kabisa: ipo. Filamu za intaneti huingia na kutoka kwa mikataba isiyotuhusu, na mwezi ambao bando limekwisha, au umeme umekatika na simu ina asilimia nne, hata hiyo mikataba haina maana. Filamu ya kucheka naweza kuisubiri. Hii sikutaka iniambie kwamba haipatikani katika eneo langu.

Mama aliiona mwishoni mwa mwezi uleule. Diski haina maandishi ya Kiswahili, kwa hiyo nilikaa pembeni yake nikifanya kazi ya wale watafsiri wa vibanda umiza, ambao wana uwezo wa kumpa hata farasi maneno ya kusema. Nilishindwa vibaya. Kila nilipofungua mdomo, mtu kwenye kioo alikuwa amekwisha kunyamaza. Mama akaniambia niache, anaona. Katikati aliuliza swali moja tu, mbona huyu kijana hana watu, na sikuwa na jibu, maana Lee watu anao, ila wakimwona wanapunguza sauti. Karibu na mwisho Lee anamweleza Patrick kwamba ameshindwa, hataweza kuishi katika mji ule, na kwamba rafiki wa familia atamchukua Patrick kuwa mtoto wake. Tumezoea filamu ambazo hapo mtu angepona ghafla, kwa hiyo mama alitikisa kichwa, nami nikadhani ameikataa. Dakika chache baadaye Lee anasema anatafuta nyumba Boston yenye chumba cha ziada, na Patrick anamuuliza chumba cha nini. Nikamtafsiria mama jibu, kwamba ni ili Patrick apate pa kulala akienda kumtembelea.

"Basi huyo ameshaanza kupokea wageni," alisema mama, akainuka kwenda kuandaa futari.