Tai wa kishungi na nguzo zetu

Juma lililopita mtoto wa jirani aliniletea ndege aliyemwokota chini ya nguzo ya umeme, kamshika kwa bawa moja. Mweusi tii, macho ya manjano bado yako wazi, na kile kishungi kirefu cha kichwani kimelala upande kama nyasi iliyokanyagwa. Vidole vya mguu mmoja vilikuwa vimeungua. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akatupa jicho, akasema, "Mwewe hao, wapo tele. Wanatumalizia vifaranga."

Nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, lakini maneno yale yamenikaa kooni.

Haya, mwewe wapo. Nenda dampo lolote Nairobi utawaona wakizunguka, na vifaranga wanabeba, sikatai. Huyu si mwewe. Huyu ni tai wa kishungi, ndege wa pale msitu unapokutana na nyasi za bondeni, na chakula chake karibu chote ni panya. Wale wale wanaotoboa magunia ya mahindi ya yule mzee.

Mtafiti wa ndege Darcy Ogada na wenzake walilinganisha hesabu za ndege wawindaji zilizofanywa katika barabara za Kenya miaka ya 1970 hadi 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Tai wa kishungi alikuwa amepungua kwa asilimia 94. Yaani kwa safari ambayo baba yangu angewaona mia, mimi nawaona sita! Halafu mwaka 2024 ukatoka utafiti mwingine wa ndege wawindaji wa savana za Afrika: aina 42 zilichunguzwa, na 37 zilikuwa zimepungua. Na ndege huyu kwa miaka mingi alikuwa amewekwa kwenye orodha ya wasio hatarini, kwa kuwa anapatikana nchi nyingi. Kupatikana nchi nyingi si kuwa wengi.

Sumu inachangia. Kukata miti kunachangia sana. Lakini kinachoniuma zaidi ni nguzo, kwa sababu dawa yake inajulikana.

Tai huyu huwinda kwa kukaa. Anatafuta mahali pa juu, anatulia, anatazama chini hadi panya ajitokeze. Tumemkatia mti, tukamsimikia nguzo, naye akatua. Kwenye nguzo ya mbao yenye mkono wa mbao, ule uliokingama juu kubeba waya, mara nyingi anapona. Kwenye nguzo ya chuma au zege yenye mkono wa chuma, chuma kile kimeunganishwa na ardhi. Mguu ukiwa juu yake na bawa likagusa waya, umeme unapita mwilini mwake. Kumwokoa ni kuuvika waya gamba la plastiki pale karibu na nguzo, au kuuning'iniza chini ya mkono badala ya kuupitisha juu. Ukifanya hivyo siku ya kusimika, gharama ni ndogo. Tunasimika nguzo mpya kila mwaka, nasi tunajua haya yote.

Nilimzika nyuma ya zizi. Jana jioni, nikirudi kutoka dukani, nilimwona mwingine. Ametua juu ya nguzo ile ile, kishungi kinapepea, anatazama shamba la mahindi la yule mzee. Nilimpigia makofi hadi akaruka.

Leo asubuhi alikuwa amerudi.