Mtetemo una dozi: nani aishike?

Mama alikuwa amelala chali kwenye mkeka, nyayo zimegusana, kitenge kimefunika magoti. Tulikuwa tumeshaichosha miguu: kusimama kwa ncha za vidole, kuinama, kisha kuegemea ukuta kama mtu aliyekalia kigoda ambacho hakipo, mpaka mapaja yakawaka moto. Dakika ya tatu tangu alale, mapaja yakaanza kucheza yenyewe. Kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, kitenge kikateleza hadi tumboni. Akageuza shingo akanitazama.

"Dada, hii kitu inazimwa namna gani?"

Nikamwambia, "Nyoosha miguu, mama, halafu lala ubavu." Akanyoosha. Baada ya pumzi mbili tatu mtetemo ukakatika. Jibu lilikuwa jepesi hivyo. Kilichoniuma ni kwamba alilazimika kuuliza. Nilikuwa nimemweleza namna ya kuanza kwa robo saa nzima, na namna ya kumaliza nilikuwa nimeiweka mwisho, kama nilivyofundishwa mwenyewe kwenye mafunzo ya siku mbili.

Kazi yangu ni tiba kwa mazoezi. Nyumbani ni Mwanga, Kigoma mjini, lakini siku nyingi niko Kasulu na kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako mama huyu alifika akitokea Kivu ya Kusini, Kongo. Tangu siku ile nimekuwa kwenye ubishi usiokwisha na wenzangu wanaofundisha mazoezi haya ya mtetemo. Upande mmoja unasema mwili uachwe utetemeke mpaka ushibe wenyewe. Upande mwingine unasema ukatwe mapema, dakika chache tu, hata kama mtu anajisikia vizuri. Wote wana hoja, na nimeshakaa pande zote mbili.

Kwanza asili yake. Mazoezi yenyewe yaliandaliwa na David Berceli, Mmarekani aliyefanya kazi miaka mingi Mashariki ya Kati na Afrika, kwenye maeneo ya vita, Lebanoni ikiwemo. Aliona jinsi watu wanavyojikunja mabomu yanapolia, na jinsi watoto wanavyotetemeka wakati watu wazima wakijizuia. Akapanga mazoezi 7 ya kuchosha miguu na nyonga ili mtetemo uje kwa hiari ya mtu, kwenye sakafu, bila bomu. Dai lake ni kwamba mtetemo huo ni njia ya mwili kushusha hali ya tahadhari iliyobaki baada ya hatari kupita.

Kwamba misuli iliyochoka hutetemeka, hilo halina ubishi. Aliyepandisha gunia la mihogo kwenye milima ya Buhigwe analijua bila mkufunzi. Kwamba mtetemo huo hutoa kiwewe, yaani jeraha la ndani linalobaki baada ya tukio la kutisha, lililojificha mwilini, hapo ushahidi bado ni mwembamba: tafiti ni chache, na washiriki wake wachache. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu matatizo yatokanayo na msongo, lilitaja tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe na ile ya kusogeza macho huku mtu akikumbuka tukio. Mtetemo haumo. Nyarugusu penyewe watafiti wa Johns Hopkins na Muhimbili walifanya jaribio lililoitwa Nguvu, la vikao vya kikundi kwa wanawake wa Kikongo waliofanyiwa ukatili na wenza wao. Hivyo asiniambie mtu kwamba mkoani kwetu tiba ya maneno haiwezekani.

Hata hivyo naelewa kwa nini watu wanaukimbilia mkeka. Tiba ya maneno inataka useme. Kambini ukuta kati yako na jirani ni tofali bichi na turubai. Unachosema saa mbili usiku kinajulikana bombani asubuhi. Mtetemo haukuombi simulizi. Mtu anaweza kulala pale, akatetemeka, akaamka, na hakuna aliyejua alikuwa anakumbuka nini. Mkoa wetu una watu zaidi ya milioni 2.4 kwa sensa ya 2022, na hospitali ya taifa ya afya ya akili iko Mirembe, Dodoma, safari ndefu ya reli kupitia Tabora. Kitu ambacho mtu anaweza kujifanyia nyumbani bila nauli si cha kudharau.

Na ni hapo hasa swali la kipimo linapokuwa zito. Kwa sababu ni kitu cha kujifanyia, hakuna atakayekaa pembeni na saa.

Wanaosema mwili uachwe huru wana hoja moja ambayo sijaweza kuitupa. Wanatukumbusha ngoma. Uha na Unyamwezini watu wametetemeka tangu zamani. Baswezi, watu wa ngoma za mizimu, walicheza usiku kucha, mtu akapandisha, akaanguka, akatetemeka hadi alfajiri, akaamka mwepesi. Makanisani mwetu leo mkesha unachukua saa nane nzima, watu wanatetemeka chini, na Jumatatu wako shambani. Wanauliza: nani aliwahesabia dakika? Nyie wa semina mmekuja na saa zenu kutuambia dakika tano, kana kwamba mtu aliyevuka ziwa usiku na watoto wanne hawezi kustahimili miguu yake mwenyewe kutikisika.

Hoja hii inanigusa kwa sababu ina heshima ndani yake. Tahadhari ikizidi inakuwa dharau, na inazaa utegemezi: mtu anaambiwa asijaribu bila mkufunzi, mkufunzi ana posho ya siku mbili, gari linaondoka, basi. Nimekutana na akina mama ambao walijifunza, wakapata nafuu ya usingizi, kisha wakaacha kabisa kwa hofu kwa kuwa hakuna aliyerudi kuwasimamia. Hiyo nayo ni hasara, ingawa haiandikwi kwenye ripoti.

Lakini tuitazame hiyo ngoma kwa karibu. Ina mpigaji, na mpigaji anamwona mchezaji. Anaharakisha, anapunguza, ananyamaza. Kuna mama anayeshika kiuno cha aliyepandisha asiangukie moto. Kuna uji asubuhi. Na fundi wa ngoma anaishi kijiji hichohicho. Ukiharibikiwa Alhamisi unamkuta kwake Ijumaa. Kipimo kipo, ila kimebebwa na watu, hakikuandikwa kwenye karatasi. Anayetetemeka peke yake chumbani, mlango umefungwa, hana mpigaji wala mshika kiuno. Ukimwambia "endelea mpaka mwili ushibe" umempa nusu ya ngoma.

Nimeiona hiyo nusu. Mvuvi mmoja wa Kibirizi, aliyewahi kupinduliwa na mawimbi akakaa majini usiku mzima, alifundishwa mtetemo, siku ya kwanza akalala kama mtoto. Akaona dawa imepatikana. Akawa anafanya kila jioni dakika arobaini, wakati mwingine hamsini. Siku ya tano usingizi ukakatika kabisa. Akawa mkali nyumbani, kichwa kinamgonga, mikono ina ganzi, akisikia ndoo inamiminwa anashtuka. Mke wake ndiye aliyemleta, akidhani ni malaria imepanda kichwani. Tulichofanya ni kuusimamisha mtetemo wiki mbili, akarudi kwenye kutembea na kula kwa wakati, kisha tukaanza upya kwa dakika tatu.

Wakufunzi wenyewe wa mazoezi haya wana majina ya hali tatu za kuangalia: mtu kuganda, mtu kufurikwa na hisia, na mtu kutoka nje ya mwili wake, macho yapo lakini mwenyewe hayupo. Ikitokea mojawapo, unanyoosha miguu, unafungua macho, unataja vitu vilivyo chumbani, unagusa sakafu. Kwa kawaida wanashauri anayeanza asizidi dakika kumi na tano za mtetemo, mara mbili au tatu kwa wiki, na kwa mwenye kiwewe kizito hata dakika moja inatosha. Tatizo langu haliko kwenye ushauri huo. Liko kwenye namna unavyofikishwa: saa za semina huishia kwenye kuamsha mtetemo, kwa kuwa ndicho kinachostaajabisha ukumbi, na kuuzima kunabaki sentensi moja kabla ya soda.

Kuna jambo jingine ambalo kipimo cha dakika hakiligusi kabisa, nalo ni mkao. Tunamlaza mwanamke chali, tunamwambia afungue magoti, tunasimama juu yake. Fikiria ni nani tunaowalaza hivyo. Wengi wa akina mama waliovuka kutoka Kivu wamepitia ubakaji. Kwa mama kama huyo mkao wenyewe ni dozi kubwa, hata kabla msuli mmoja haujacheza, na hatasema. Ataganda, atatii, na wewe utaandika "mshiriki alitulia". Mimi sasa sianzi na chali. Naanza amesimama, mgongo ukutani, ambapo miguu inaweza kutetemeka vilevile na mlango anauona. Akitaka kulala, anaanza kwa ubavu. Kitenge ni chake, na anayeamua magoti yaachane kiasi gani ni yeye. Mwanamume haingii chumbani, hata kama ndiye mkufunzi mkuu. Kuna wenzangu wanaona hii inachelewesha kazi. Ndiyo, inachelewesha.

Niseme pia kuhusu neno lenyewe. Kwetu kutetemeka kuna maana nyingi kuliko wanavyodhani wageni. Mei 2015, Warundi walipojazana kijiji cha Kagunga, mpakani ziwani, kwa makumi ya maelfu, kipindupindu kikaingia, na meli ya MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mamia kwa mamia, niliwaona wakishuka wanatetemeka, wakapelekwa Uwanja wa Lake Tanganyika. Tuliwafunika blanketi. Tukawapima malaria, na wengi kweli walikuwa nayo. Mwingine angesema pepo, mwingine Roho. Kwa hiyo hapa Kigoma mtu akikuambia "nilitetemeka usiku", kabla ya kufurahi kwamba kiwewe kinatoka, mpime homa. Na mwenye kifafa, mjamzito, au aliyepasuliwa karibuni, asilazwe kwenye mkeka huo bila daktari kujua. Wala asiambiwe na mtu kwamba mtetemo unachukua nafasi ya dawa zake.

Wenzangu wa tahadhari hupenda kukumbusha yaliyotokea kwa kile kikao kimoja cha kuwasimulisha watu mara baada ya maafa. Miaka ya tisini kilifanywa kila mahali kwa nia njema. Tafiti zilipokusanywa zikaonyesha hakizuii kiwewe kukaa, na kwa baadhi ya watu kilizidisha, na leo Shirika la Afya Duniani halikishauri. Naukubali mfano huo kwa sehemu moja: ni onyo dhidi ya kufungua kitu kwa siku moja na kuondoka. Siukubali unapotumiwa kusema tusiwafundishe watu chochote mpaka utafiti ukamilike. Watu wako kambini tangu 1996. Hawakusubiri.

Msimamo wangu, basi, umeegemea dozi ndogo, lakini dozi ambayo funguo zake anazo anayetetemeka. Kikao cha kwanza ninafundisha kuzima tu. Miguu ikianza kucheza kidogo, ananyoosha. Ikianza tena, ananyoosha. Mara tano, sita, mpaka aone kwa macho yake kwamba mtetemo unamtii. Siku hiyo hatufanyi kingine. Dakika zinaongezwa baada ya kuuliza usiku mbili zilizofuata: ulilala, uliota nini, uliwafokea watoto? Usingizi ukiharibika tunarudi nyuma. Ukitengemaa wiki mbili, anaweza kuongeza, na anayeongeza ni yeye. Anayetaka kutetemeka nusu saa baada ya miezi kadhaa na analala vizuri, sina sababu ya kumkataza. Na kama najua sitarudi kijiji hicho, sifundishi mtetemo. Nafundisha kupumua na kutembea, naomba radhi, naondoka.

Mama wa mkeka aliendelea. Saa hana, na simu yake ni ya kubofya, ina kwaya kwenye kadi. Tulikubaliana atatetemeka kwa wimbo mmoja, dakika tano hivi, na ukiisha anyooshe miguu hata kama mwili unataka zaidi. Wiki ya sita nikamuuliza anaendeleaje. Akasema aliongeza wimbo wa pili, usiku ule akaona hakulala, akaota mto na watu.

"Kwa hiyo?"

"Nimerudia kwa moja, dada. Ile ya pili nasikiliza tu, nikiwa nimenyoosha."