Msiing'arishe kwanza

Niliwahi kuiharibu stovu nzuri kwa kuipenda mno. Ilikuwa Primus ndogo ya shaba, stovu ya kupampu ya mafuta ya taa, ile namba 96, ambayo ukiikongoa miguu na kichwa (sehemu ya juu inayowaka) yote huingia kwenye mkebe wa bati ukaitia mkobani. Ilikuwa imeshika weusi wa miaka, basi nikampelekea fundi mwenye mashine ya kung'arishia. Jioni nikapewa kitu kinachometa kama sinia la harusini. Nikaigeuza juu chini nisome herufi ya mwaka: hamna. Imesagwa.

Herufi hiyo ndiyo ingeniambia umri wake. Kuanzia 1911 Primus, kiwanda cha Stockholm, kiligonga herufi kwenye tangi: A ni 1911, B ni 1912, na kuendelea. Stovu za Coleman za Wichita, Marekani, nyingi za miaka ya 1960 zina tarakimu chini ya tangi, za mwezi na za mwaka. Alama hizi si za kina kirefu. Mashine ikipita mara mbili, kwisha habari. Kwa hiyo siku hizi maji ya uvuguvugu, sabuni na kitambaa vinanitosha, na weusi uliobaki na ubaki. Najua wapo wakusanyaji wanaotaka kujiona usoni kwenye tangi. Hao wanunue kioo.

Jina nalo lisikubabaishe. Wengi huita kila stovu ya kupampu Primus, na muuzaji anajua bei ya jina hilo. Optimus, Radius na Svea nazo ni za Sweden, na si za kudharau. Soma tangi, kisha soma kichwa, kwa sababu vichwa hubadilishwa, na cha kampuni nyingine mara nyingi hukaa bila tabu. Mimi sioni aibu kuwa na stovu ya mchanganyiko, mradi nisiuziwe kama ya asili.

Lakini stovu isiyowashwa utaijuaje? Ujanja wa Frans Wilhelm Lindqvist, aliyeanzisha Primus mwaka 1892 pamoja na mwenzake, hauonekani kabatini. Unamimina spiriti kwenye kikombe kilicho chini ya kichwa, unawasha, unasubiri. Spiriti ikikaribia kwisha unafunga skrubu ya hewa na kupampu mara tatu nne. Mafuta ya taa hupanda, hugeuka mvuke ndani ya mabomba ya moto, na ule mngurumo huanza na mwali wa buluu, bila utambi wala masizi. Ukiona mwali mrefu wa njano, umekuwa na haraka. Pampu ikiwa haisukumi, usikimbilie kununua nyingine: kile kipande cha ngozi kilicho ndani ya pampu kimekauka tu, kipake mafuta na kukitanua kidogo kwa vidole.

Svea 123 ya 1955 ni habari nyingine, haina hata pampu, joto lake lenyewe ndilo linalosukuma petroli. Petroli hiyo isije ikamiminwa kwenye stovu ya mafuta ya taa. Hapo sina utani.

Namba 96 yangu bado inawaka. Jumapili naichemshia chai ya tangawizi barazani, na wageni huisifia kwa kung'aa. Nawaongezea chai.