Mwewe Hagombani na Kuku

Jamaa yangu wa Area D ananiita mwizi wa kuku. Ijumaa usiku, umeme ukituruhusu, tunarusha ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia kwenye simuleta, yaani mchezo wa kompyuta unaoiga urushaji wa ndege halisi, kila mtu chumbani kwake, simu ikiwa kwenye spika. Yeye ni mtu wa Spitfire Mk V, ndege ya Waingereza, mimi wa Focke-Wulf 190 ya Wajerumani. Kila nikimtungua malalamiko ni yaleyale: "Wewe hupigani. Unashuka, unanidonoa, unakimbilia mawinguni. Njoo chini tupigane kama wanaume!"

Siji ng'o.

Nilikulia kwa bibi, Kongwa, na likizo nyingi kazi yangu ilikuwa kulinda vifaranga. Watu wakimsimulia mwewe husimulia anavyoshuka. Mimi kilichonikaa kichwani ni anavyoondoka. Akimkosa kifaranga, habaki kukimbizana naye kuzunguka kihenge. Pale chini kuna kuku mwenye hasira, kuna mbwa, kuna mimi na fimbo yangu. Anapita na mwendo uleule aliokuja nao, anapanda, anaanza tena kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nabaki narusha mawe yasiyofika popote.

Anayeanza kujifunza mapambano ya angani kwenye simuleta hufanya kinyume kabisa. Anataka kukata kona. Kona ni tamu, adui unamwona karibu kabisa, unahisi unapigana kweli. Nilipoteza karibu mwaka mzima humo. Navuta usukani mpaka skrini inaingia giza (damu ya rubani inashuka kutoka kichwani kwenda miguuni, na simuleta nzuri haikusamehe hilo), nazunguka raundi tatu, nne, kisha natupia jicho mita ya mwendo: kilomita 220 kwa saa, vilele vya miti viko chini ya tumbo la ndege, na mtu wa tatu ambaye sikumwona tangu mwanzo anashuka nyuma yangu taratibu.

Hapa Dodoma tunaweza kulielewa hili bila kitabu cha fizikia. Maji yakitoka unayapandisha kwenye tenki juu ya mnara, na siku bomba likikauka kimo kile ndicho kinachokupa msukumo wa maji jikoni. Ndege iliyo juu ni tenki lililojaa. Ukishuka, kimo kinageuka mwendo. Ukipanda, mwendo unarudi kuwa kimo. Kona kali ni bomba lililoachwa wazi usiku kucha, kwa sababu bawa linapolazimishwa kugeuza ndege kwa nguvu, hewa inalivuta nyuma, na kilichopotea hapo hakirudi mpaka injini ikulipe polepole.

Kuna hesabu moja ambayo laiti mtu angenionyesha siku ya kwanza. Kilomita 300 kwa saa, ukiacha pembeni injini na ukinzani wa hewa, ni sawa na akiba ya mita 350 hivi za kimo. Wengi watadhani kwamba 600 ni mita 700. La, ni kama 1,400, maana mwendo ukizidi mara mbili nishati inazidi mara nne. Kwa hiyo anayekupita kwa 600 wakati wewe umejichosha mpaka 300 ana zaidi ya mita 1,000 mfukoni ambazo wewe huna. Atapanda, utamfuata, ndege yako itaishiwa nguvu puani mwake, naye atageuka bila haraka akushukie ukiwa unaning'inia hapo.

Jamaa yangu anasema huu ni uoga. Basi na akamwambie Aleksandr Pokryshkin, rubani wa kivita wa Kisovyeti. Tunayoichezea ni ramani ya Kuban, kusini mwa Urusi, na mwaka 1943 Pokryshkin alikuwa akirusha ndege ya Kimarekani, P-39 Airacobra, kwenye anga hilohilo. Kanuni yake ilikuwa maneno manne: kimo, mwendo, ujanja, moto. Angalia mpangilio wake. Risasi ziko mwisho. Kabla yake, kule China, Mmarekani Claire Chennault aliwakataza marubani wake wa kujitolea kukata kona na ndege nyepesi za Wajapani. Ndege zao, P-40, zilikuwa nzito lakini zilishuka vizuri, basi shuka, piga, endelea kwenda. Na mwaka 1916, mwaka uleule Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Kondoa kwetu, rubani Mjerumani Oswald Boelcke alikuwa ameshaandika kanuni zake: pata nafasi ya juu kabla ya kushambulia, jua likae mgongoni kwako. (Boelcke mwenyewe alikufa Oktoba mwaka huo baada ya kugongana na ndege ya mwenzake angani, kwa hiyo kanuni nazo zina mipaka.)

Lakini nina ugomvi na wanaofundisha mbinu hii kwenye video. Dakika kumi zote wanaonyesha kushuka na kupiga, halafu kupanda wanakupa sentensi moja. Kushuka hata jiwe linaweza. Ugumu wote uko kwenye kuondoka, na unaanza kabla hujafyatua hata risasi moja: umeingia na mwendo kiasi gani, adui ana mwendo gani, ukikosa utatokea upande gani. Mimi nilikuwa napita tu adui na hapohapo kuvuta pua ya ndege iangalie mbinguni. Nilikuwa naumwaga mwendo wote kwenye ule mvuto mmoja, na Spitfire nyuma yangu haikuwa na haja ya kunifuata, ilitosha kuinua pua na kunitwanga. Siku hizi nanyoosha kwanza. Napita, naenda mbele moja kwa moja mpaka anakuwa mdogo kama nzi kwenye kioo, ndipo naanza kupanda kwa mwinuko wa upole ambao unachosha kuutazama. Shingo inakaa nyuma muda wote. Na adui akiwa ameshanigeuzia pua kabla sijafika, simpigi kabisa; napita juu yake nikajipange upya. Kujizuia kupiga ndilo jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. Kuna usiku nimeruka dakika arobaini na kufyatua mara mbili.

Kushuka nako kuna mtego wake, sitaki kudanganya. Mwendo ukizidi sana usukani unakuwa mgumu kama jembe kwenye udongo mkavu, ndege nyingi za wakati ule hazigeuki vizuri tena. Tena kuna ardhi. Mita ya kimo inasoma kutoka usawa wa bahari, jambo ambalo mtu wa Dodoma nilipaswa kulijua kuliko wote, maana ukisimama Nyerere Square tayari uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari na hujapanda hata kiti. Juu ya milima ya Kaukazi nilishuka kwa raha zangu, mita ikisema 1,500, nikijiambia bado nina nafasi. Mlima ulikuwa na maoni tofauti.

Mengine ni shida zetu za kawaida. Seva iko Ulaya, na unachokiona kwenye skrini kimechelewa kidogo. Anayekata kona pua kwa pua na adui anaumia zaidi kwa hilo kuliko anayepita mara moja na kuondoka. Nalo bando likikata uko kwenye mita 5,000, hakuna wa kumlalamikia.

Ijumaa iliyopita nilipanda mpaka 4,000, nikaanza kumtafuta jamaa yangu chini kule anakopendaga, karibu na mto. Hayupo. Nikazunguka. Simu kimya, na yeye si mtu wa kunyamaza. Kumbe alikuwa ametumia zaidi ya robo saa kupanda peke yake mpaka mita 6,000, akazunguka akakaa upande wa jua. Nilisikia mizinga yake kabla sijamwona, bawa langu la kushoto likaondoka, na alipopita alikuwa tayari mbali, anapanda. Kwenye spika kicheko tu.

Nikajikuta namwambia ashuke tupigane.