Gesi Yangu Ilikuwa Inaishia kwenye Mvuke

Mtungi wa kilo 6 ulipoisha siku ya kumi na tisa, nilimshuku muuzaji. Huku Mabatini, Mwanza, hukumu ya mambo hayo ni ya papo hapo: kanipunja. Mtungi uliofuata nikaupitisha kwa jirani anayeuza dagaa, tukaupandisha kwenye mzani wake, tukatoa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa pale juu karibu na mshikio. Kilo 6 zilikuwepo zote. Basi mwizi alikuwa jikoni kwangu, na nilimjua: mimi na sufuria ya maharage.

Maharage nilikuwa nayachemsha wazi, moto nimeufungua mpaka mwisho, ndimi za bluu zikipanda ubavuni mwa sufuria hadi mshikio unababuka. Kila nikichungulia maji yamepungua, naongeza kikombe. Sikuwahi kujiuliza yanakwenda wapi. Yalikuwa yanapaa, na gesi yangu inapaa nayo. Lita moja ya maji kuigeuza yote kuwa mvuke kunakula nishati zaidi ya mara saba ya ile ya kuichemsha tu toka ndooni. Kwa hiyo kile kishindo cha maji yanayotokota, kinachotufurahisha tukidhani ndiyo kupika kwenyewe, ndicho kinachomaliza mtungi.

Na huku kwetu kuna jambo la ziada. Ziwa Victoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi wa kwenye mawe tuko juu zaidi. Maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100 kama ya Dar es Salaam. Ndiyo maana maharage yale yale kwa dada yangu Dar yanawahi kuiva, na kwangu yanagoma. Dawa niliyokuwa natumia ilikuwa kuongeza moto. Lakini maji yakishachemka yamefika mwisho wao. Uweke moto wa mshumaa au wa tanuri, ndani ya sufuria ni nyuzi 96 zile zile. Kinachovuka hapo ni sufuria ya presha tu, kwa sababu inabana mvuke na joto hufika karibu 120.

Nilikuwa namsimulia haya mdogo wangu anayeishi Leeds, Uingereza, akacheka. Kule gesi inapasha nyumba nzima: boila inapasha maji moto, yanazunguka kwenye mabomba ya vyumbani. Yake ilikuwa imewekwa nyuzi 80, akaishusha hadi 60. Nyumba inachelewa kidogo kupata joto, ila bili imepungua. Boila za siku hizi, anasema, zimeundwa kuunasa mvuke ulio kwenye moshi wake na kulirudisha lile joto ndani, lakini hazifanyi hivyo vizuri mpaka maji yanayorudi yapoe chini ya nyuzi 55 hivi. Kumbe yeye na baridi yake ya Januari, mimi na maharage yangu, tulikuwa tunaibiwa na mvuke mmoja.

Sasa malalamiko yangu. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapika kwa nishati safi, na mitungi ya ruzuku imeuzwa. Vizuri. Lakini siku nilipouziwa jiko langu nilionyeshwa namna ya kuwasha na kupaka povu la sabuni kwenye mpira kuangalia kama unavuja, basi. Hakuna aliyeniambia swichi ile inarudi nyuma. Sisi tumelelewa na mkaa, na mkaa ukishakolea huuamrishi; unawahi kupika, kisha unabandika maji ya kuoga ili moto usipotee bure. Tabia hiyo tumehamia nayo kwenye gesi. Mtungi ukikata katikati ya mwezi, mtu anarudi kwenye kopo la mkaa na kusema gesi ni ya matajiri. Simlaumu.

Siku hizi maharage yanalala kwenye maji usiku kucha. Yakichemka tu nafunika, nashusha moto mpaka mfuniko unatikisika kidogo. Jiko nimeliondoa pale mlangoni, upepo wa ziwa wa mchana ulikuwa unaulaza moto pembeni. Dirisha lakini nimeliacha wazi, gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Maji ya kuwaogesha watoto yanashinda juani kwenye dumu jeusi. Mtungi wa mwisho umefika siku ya thelathini na moja.

Tatizo lililobaki ni mama, aliyekuja kututembelea na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Jana naingia jikoni, moto uko juu, mfuniko uko mezani.

“Maharage hayaivi kwa kubembelezwa, mwanangu.”

Nikaitikia, “Sawa, mama.” Nikangoja atoke kwenda kugeuza dagaa juani, nikaushusha.