Bando la Kazi Lisitoke Mfukoni mwa Mfanyakazi

Mdogo wangu huuza sabuni na mafuta ya kupikia kwa niaba ya msambazaji mmoja hapa Kisumu. Asubuhi huanzia Kondele, mchana yuko Ahero, jioni Katito. Zamani alibeba kitabu cha oda chenye karatasi za kaboni. Alikirudisha ofisini usiku, karani akanakili kesho yake, na mwenye duka akangoja mzigo siku mbili, tatu. Siku hizi anabonyeza simu palepale kwenye kaunta, oda inafika bohari papo hapo, alfajiri lori linapakiwa. Mama mwenye kibanda Ahero haishiwi sabuni tena. Hilo nalisifu kwa moyo wote.

Lakini simu ni yake, na bando ni lake. Kila siku, kabla hajanywa hata chai, ananunua data, maana asipofungua programu ya kazi kufikia saa mbili anahesabiwa kuwa hakufika. Huko Katito, mtandao ukiwa hafifu, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara, na betri inaisha mapema. Akalazimika kununua pawabanki, pia kwa pesa zake. Kile kitabu cha oda kilinunuliwa na ofisi. Kaboni pia, hata kalamu.

Machi 2021, Safaricom ilipoanza majaribio ya 5G nchini, Kisumu, Kisii na Kakamega zilikuwamo pamoja na Nairobi. Tulijivuna sana huku magharibi, nami nilijivuna. Tangu hapo tunazungumzia minara na kasi tu. Anayelipia kasi hiyo hatumtaji.

Mwendesha boda anayepata wateja kwa programu hujinunulia bando, na ni sawa, faida ni yake. Aliyeajiriwa kwa mshahara hayumo katika hesabu hiyo. Kampuni za simu tayari huwauzia waajiri data kwa jumla, wakaigawa kwenye laini za wafanyakazi wao. Mwajiri anayejaza dizeli kwenye lori lake ajaze na bando kwenye simu inayoliita lori hilo. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona mshahara wa kijana huyu ukimegwa kidogo kidogo.

Jumatatu iliyopita alinipigia saa moja unusu akiwa stejini Kondele. Aliniomba bando la shilingi 50 aanze kazi. Nikamtumia.